Ng'ombe Niliowataja kwa Msaidizi wa Sheria

Kharumwa,
Wilaya ya Nyang'hwale.
16 Juni 2024.

Mpendwa Dada Ritha,

Shikamoo. Natumaini hujambo wewe, shemeji Deusdedit na watoto, na kwamba baridi ya Songea haijakurudishia kile kifua chako. Sisi huku wazima. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini akishaota jua anashika jembe kama kawaida.

Dada, barua hii nimeichana mara mbili. Nina aibu, na ni bora unisikie mwenyewe kuliko kuambiwa na mwingine.

Unamkumbuka Januari, yule mchimbaji ambaye marehemu baba alimruhusu achimbe duara moja, yaani shimo la dhahabu, kwenye pembe ya shamba. Sasa anadai shamba lote ni lake, mpaka uwanja wa nyumba ya mama. Ana karatasi yenye dole gumba la baba, na amefungua kesi kwenye baraza la ardhi. Ana wakili. Sisi hatuna, na kesi inasikilizwa tarehe tisa Julai.

Mwezi uliopita niliambiwa kuna msaada wa kisheria wa bure kwa mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili. Nikaenda siku ya gulio, maana msaidizi wa sheria, binti mmoja aitwaye Wema, siku hiyo hukaa kibarazani pa ofisi ya kijiji akijaza fomu za watu. Kwenye benchi nikamkuta nani? Mzee Donatus, baba wa binti anayeposwa na mwanangu Luka. Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumeanza mazungumzo ya mahari.

Wema akasoma maswali kwa sauti. Ekari ngapi, nyumba ya bati au ya nyasi, yote nilijibu kweli. Alipofika kwenye mifugo nikamtazama Mzee Donatus, naye ananitazama. Dada, nilisema nina ng'ombe ishirini na wawili.

Ng'ombe wako. Wale ulionikabidhi niwachunge, mimi ninywe maziwa na nitumie mbolea, kama ilivyo desturi yetu. Kila apitaye huona zizi limejaa, na kwa miaka sita sijamsahihisha mtu. Kusema mbele ya yule mzee kwamba ni wa dada yangu kulinishinda. Akacheka, akasema, "Kumbe mkwe ni mtemi!" Nikafurahi, tena sana. Nikatia sahihi.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili: mwombaji ana mali ya kutosha kuweka wakili, ombi limekataliwa. Mama hajui kusoma, nami nilimwambia bado tunasubiri. Kila jioni analiombea lile ombi kwa jina langu. Akianza, mimi natoka nje.

Juzi nilirudi kwa Wema nikamweleza ukweli. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Anasema naweza kuomba liangaliwe upya, ila zinatakiwa barua mbili: moja yako, mwenye ng'ombe, yenye muhuri wa mtendaji wa mtaa wako, nyingine ya serikali ya kijiji, kuthibitisha kuwa sina uwezo. Wajumbe watakaa kulijadili, na Mzee Donatus ni mmoja wao.

Jana nilimfuata nyumbani kwake kabla ya kikao hicho. Nilimweleza yote. Alimaliza uji wake, akanisindikiza mpaka njiani. Kuhusu mahari hakusema kitu, wala mimi sikuthubutu kuuliza. Luka hanisemeshi tangu hapo.

Kwa hiyo nakuomba, dada, andika upesi, uitume kwa basi ifike kabla ya mwisho wa mwezi. Usinipambe. Andika wazi kwamba mdogo wako Mayala hana hata ndama.

Nisalimie shemeji, Eliya na Salome. Mama na mke wangu Martina wanakusalimu sana. Mungu akutunze wewe na nyumba yako, na akupe moyo wa kunisamehe.

Halafu, yule ng'ombe mweusi mwenye baka amezaa wiki iliyopita, ndama jike. Sasa ng'ombe wako ni ishirini na watatu.

Mdogo wako akupendaye,
Mayala