Nasra Aingia Darasa la Saba

Jumatatu, 12 Mei

Nasra kajigeuza sasa hivi. Nilimlaza chali juu ya kanga, nikageuka kuchukua nepi, kurudi namkuta kalala kifudifudi, kichwa juu, ananitazama kama mtu aliyenifuma naiba sukari. Miezi mitano tu. Nikamrudisha chali ili nione anavyofanya. Hakufanya. Akacheka.

Nimemtia wanja, nukta moja juu ya paji, kama kila siku. Nguo nimeanika barazani, hazikauki, baridi imeanza. Salehe kalala, karudi asubuhi kutoka kusafisha maofisi mjini. Basi naandika.

Jambo lenyewe ni la Njeri, jirani wa chini. Mkenya. Anafundisha Afya katika shule ya Kikatoliki, hapa karibu na stesheni. Wanafunzi wake ni wa darasa la saba. Anawafundisha mambo ya mwili na moyo: usingizi, chakula, hasira, huzuni, namna ya kukaa na watu. Leo tumekutana kwenye ngazi, akamshika Nasra mguu, akaniambia, "Mama Nasra, hawa watoto wangu wanajua kusoma simu. Kusoma uso wa mtu, hapana. Niletee huyu Jumatano awafundishe."

Nikacheka. Nikasema haya.

Sasa naogopa.

Njeri hajui. Hapa Sydney hakuna ajuaye ila Salehe. Kabla ya Nasra nilikuwa na Feisal. Tulikuwa bado Tanga. Alipofika miezi saba tulikwenda naye arusini, kavaa kikanzu cheupe, akapita mikono ya watu wote, kila mtu jamani mtoto huyu, jamani mashavu haya. Kesho yake homa. Wiki haikwisha, hatuna mtoto. Hospitali walisema malaria. Nyumbani walisema jicho baya. Mimi sijui mpaka leo. Ninalojua, alitazamwa sana, kisha hakuwepo.

Na leo nimesema haya, nimpeleke wa pili akatazamwe.

Jumanne, 13 Mei

Mama kapiga simu. Nilikosea kumwambia. "Mtoto si samani," akasema, "hata awekwe mbele ya duka." Akataka walau nimfunike uso. Nikamwambia mama, huo uso ndio somo lenyewe. Akakata.

Salehe anasema niende, hatuwezi kumficha mpaka aolewe. Anasema kirahisi. Lakini nimemwona anavyomtazama Nasra akiwa usingizini. Midomo inamcheza. Na yeye anasoma dua.

Jumatano, 14 Mei

Tumekwenda. Tumerudi.

Darasa la saba. Mimi shule niliishia hapo hapo. Leo nimerudi darasa la saba na mwanangu mgongoni, na watoto wakasimama wote kutuamkia. Wamesimama kwa ajili yangu. Nilitaka kugeuka nione nani kaingia nyuma yangu.

Msalaba ukutani. Sanamu ya Bibi Mariamu pembeni, na maua ya plastiki miguuni. Nikamsalimia moyoni, na sisi tunaye.

Meza zimesukumwa, katikati wametandika godoro la mazoezi. Wakavua viatu, wakakaa kuzunguka. Njeri akawapa sheria moja: hakuna kumgusa mtoto mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo. Msichana mmoja mwenye vyuma vya meno, Tess, akauliza atasemaje na hajui kusema. Njeri akajibu, "Ndiyo kazi yenu ya leo."

Watoto wakubwa vile, wenye vishindo vyao, wakanyamaza wakamtazama mwanangu kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Nasra naye akawatazama mmoja mmoja. Hakuruka mtu. Alipofika kwa Tess akanyoosha mkono. Darasa zima likavuta pumzi.

Kisha akachoka, akageuza uso ukutani. Njeri akauliza anasema nini sasa. Kijana mmoja mrefu, Luka, akasema, anasema basi. Njeri akasema sawa, na mtu mzima akigeuza uso? Tess akasema polepole kwamba mama yake hugeuza uso hivyo akirudi kazini, na yeye huendelea kumsemesha tu.

Sikujua mambo haya yana somo. Nilidhani mtu huyajua au hayajui, basi.

Njeri akaniuliza mbele yao, mtoto akilia mpaka nikashindwa, nafanya nini. Kiingereza changu kilinikimbia, kikarudi kidogo. Nikasema namlaza mahali salama, natoka barazani, navuta pumzi, narudi. Akayaandika ubaoni. Maneno yangu, kwa chaki ya rangi ya kijani. Wakayanakili.

Lakini sifa. Walimsifu mno. Mzuri, mnene, macho yake, tazameni mikono yake. Hakuna aliyesema mashallah, watalijulia wapi. Nikawa nawasemea mimi, mdomoni, kila sifa mashallah yake. Wako wengi. Sikuwawahi wote.

Luka aliuliza ile nukta kwenye paji ni uchafu? Nikasema dawa.

Alhamisi, 15 Mei

Ana joto.

Ijumaa, 16 Mei

Homa haijashuka. Hanyonyi vizuri. Daktari kamtazama masikio, koo, kifua, akasema kirusi tu, msimu wake huu, tumpe dawa ya maji na maziwa mara kwa mara. Kasema akibadilika nimrudishe hapo hapo. Nimesikia yote. Nimempa dawa.

Kisha nikafanya na la kwetu. Chumvi na pilipili kavu nikamzungushia, nikazitupa kwenye kikaango cha moto, na ubani juu yake. Dakika haikupita king'ora cha moshi kikalia, jengo zima. Nasra analia, mimi juu ya kiti napunga taulo, machozi yananitoka, ya pilipili na yasiyo ya pilipili. Mlango unagongwa. Njeri.

"Nilidhani mnachoma nyama na hamjaniita," akasema. Kisha akaniona uso. Akafungua madirisha, akapanda kitini, akakizima king'ora. Akakaa chini sakafuni pamoja nami.

Nikamwambia. Feisal, kikanzu, arusi, yote. Mara ya kwanza nalisema jina hilo kwa mtu mwingine katika nchi hii.

Nilingoja aseme ni ushirikina. Mwalimu wa Afya. Hakusema. Kaniuliza dawa ya homa nimempa saa ngapi. Kisha kavuta kola ya sweta, kwa ndani medali ndogo ya Bibi Mariamu imeshonewa uzi mweusi. "Mama yangu alinishonea nikija huku. Nafua sweta na yeye ndani." Akasema si lazima nirudi darasani. Atawaambia mtoto ni mgonjwa, basi.

Nikasema sirudi.

Jumapili, 18 Mei

Homa imekwisha. Vipele vidogo tumboni, daktari alivitaja mapema, vitaondoka vyenyewe. Ananyonya kama anayelipiza. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Salehe kalia msalani, kafungulia maji nisisikie. Nimesikia.

Jumatano, 21 Mei

Saa tisa watoto wa shule hupita chini wakielekea stesheni. Nasra akisikia sauti zao anageuza kichwa dirishani. Leo kageuza, hakuwaona, kanitazama mimi.

Uso wangu mmoja tu kutwa. Sijui kama unamtosha.

Jumatatu, 26 Mei

Njeri kaleta machungwa. Hakusema lolote la shule mpaka nilipomuuliza.

Wanamuulizia kila siku, akasema. Kila asubuhi wanapoomba, mtu hutaja wa kuombewa. Bibi ya fulani, mbwa wa fulani. Tangu aliposema Nasra anaumwa, wanamtaja. Jina hawaliwezi vizuri. Aliyeanza ni Luka.

Nilikuwa namenya chungwa, nikaliweka. Mimi nimekaa huku nayaogopa macho yao, kumbe wao kila asubuhi wameyafumba.

Nikamwambia Jumatano nakuja. Akaniuliza ruhusa ya kitu kimoja: awafundishe lile neno, mashallah. Nikasema wafundishe. La Feisal usiwaambie. Akasema, "Hilo si langu kusema."

Jumatano, 28 Mei

Sijui niandikeje.

Walikuwa wamepanga mstari mlangoni, soksi tupu. Kila mmoja kabla ya kumtazama akasema mashallah, kisha akaenda kukaa. Wengine waliivunja vipande vitatu. Mmoja aliisema kama anapiga chafya, wenziwe wakamcheka, akairudia vizuri. Darasa zima, chini ya msalaba. Hakuna niliyemsemea. Nilikaa tu.

Leo somo lilikuwa huzuni. Mtu ana huzuni, wewe umekaa naye, unafanya nini. Wakataja mengi: kumchekesha, kumpa kitu, kumwambia yatapita. Njeri akawa anaandika. Nasra kajigeuza katikati ya godoro, wakapiga makofi bila sauti, kwa vidole, wasimshtue.

Halafu Tess akaniuliza kama Nasra ndiye mtoto wangu wa kwanza.

Swali la kawaida. Wauguzi waliniuliza, wa ofisini waliniuliza, nikajibu ndiyo, lipite. Njeri akaacha kuandika. Hakunitazama.

Nikasema hapana. Nikasema wa kwanza anaitwa Feisal. Alikufa mdogo.

Hakuna aliyenichekesha. Hakuna aliyesema yatapita. Waliniangalia, na sikutaka kugeuza uso. Kisha Luka akauliza, "Na yeye alikuwa mnene hivi?"

Nikacheka. Wallahi nilicheka, kwa sauti, machozi yanashuka. Nikasema alikuwa mnene kumshinda huyu. Mashavu yalifunika shingo.

Luka akasema, "Mashallah."

Hakuna aliyemfundisha pale. Wengine wakaitikia mmoja mmoja, chini chini, mpaka duara likaisha. Wamemsemea Feisal. Neno lililomkosa arusini, wamelileta watoto wa watu, kutoka huku mwisho wa dunia.

Nimemwambia Salehe jioni. Ameosha vyombo vyote, na visivyo vichafu.

Alhamisi, 29 Mei

Nimemgusa paji asubuhi, mchana, na sasa. Baridi. Hana kitu.

Wanja nimemtia. Siachi.

Mvua kidogo. Salehe hana kazi leo, yuko jikoni na mtoto, nawasikia wanazungumza, kila mtu lugha yake. Chai yangu bado moto. Nataka kuandika kitu ambacho sijawahi kukiandika wala kukitamka, tangu azaliwe. Mashallah, naitanguliza. Mwanangu ni mzuri. Ana macho makubwa, ana mashavu ya kaka yake, na akicheka jicho moja hufumba kabla ya jingine, kama

Salehe ananiita. Mama Feisal, anasema, jina ambalo hajaniita tangu Tanga. Mama Feisal, njoo uone anavyo