Nilikuwa Nakusikiliza Wewe

Isangi, 3 Machi 2025

Mbote mutoto yangu Déborah,

Habari ya masomo, habari ya mwili? Sisi huku tunapumua. Goti la mama linamsumbua, lakini jana alisimama mwenyewe akapika pondu, majani ya muhogo.

Bon, kuna jambo. Nicole, yule muuza samaki, amerudi na boti kutoka Kisangani. Anasema alikuona juu ya baiskeli, ekuteri za simu masikioni, lori nyuma yako inapiga honi, wewe hata kugeuka. Alikuita, hukusikia. Ni kweli?

Papa yako, Bavon

Kisangani, 5 Machi

Papa mupendwa,

Mbote. Mimi mzima, uchovu tu. Mama akande goti kwa maji ya moto.

Nicole anakuza mambo. Kutoka Tshopo ninapolala mpaka shule ya uuguzi ni mbali, na njiani ndipo napata nafasi ya kusikiliza sauti unazonitumia kwa simu. Ukianza habari za nyumbani, sioni hata njia ilivyo ndefu. Naweka sauti chini. Usiogope.

Mutoto wako, Déborah

Isangi, 9 Machi

Déborah,

Umeamkaje? Chini au juu, mimi sitaki. Toa hiyo kitu masikioni ukiwa barabarani. Sauti yangu itakungoja mpaka ufike. Nijibu neno moja: ndiyo.

Papa

Isangi, 13 Machi

Mutoto yangu,

Simu yako inaita, hakuna mutu anashika. Mama hali chakula. Kama umekasirika, kasirika, lakini andika.

Papa

Kisangani, 15 Machi

Papa,

Mbote. Usimsomee mama kwanza. Mimi iko mzima, nimechubuka tu.

Ujumbe wako niliusoma, nikasema nitaacha kesho. Asubuhi yake nilikata kushoto bila kugeuka. Lori ilipiga honi, watu wote walisikia isipokuwa mimi. Dereva alinikwepa, akamgonga Asumani, baba mmoja anayebeba abiria kwa baiskeli. Paja lake limevunjika. Nilishika mguu usitikisike mpaka walipoleta mlango wa kumbebea. Mwanamke mmoja akavuta waya shingoni mwangu, akauliza, "Na hii?"

Papa, nilikuwa nakusikiliza wewe. Ulikuwa unacheka.

Nafika hospitali mpaka mlango wa wodi yake, narudi. Mke wake iko mle. Naogopa.

Déborah

Isangi, 16 Machi

Mutoto yangu,

Namshukuru Mungu uko hai, na naona haya kushukuru, maana mutu mwingine amelala kitandani.

Sauti sitatuma tena, nitaandika. Wewe ingia. Usiseme ni lori, sema ni wewe. Mimi napanda boti Alhamisi, lakini usiningoje. Ukiningoja, utaingia umejificha mgongoni mwangu.

Papa yako

Kisangani, 18 Machi

Papa,

Mbote, habari ya mama?

Nimeingia. Mke wake, Aïcha, hakuitika salamu yangu. Nikasema yote nimesimama, sare ya uuguzi mwilini. Asumani aliangalia ukuta, kisha akauliza:

"Ulikuwa unasikiliza nini? Muziki?"

"Hapana. Papa yangu, wa Isangi."

"Alikuwa anasema nini?"

"Mbuzi alikula kofia ya mchungaji."

Hakucheka. "Mimi nilikuwa nyuma yako," akasema. "Lori niliiona. Nilipiga kengele, nikaita: mama, angalia. Nikaita tena na tena. Nikasema, huyu pengine ni kiziwi, nikakimbiza baiskeli ili nikuguse bega."

Papa, hakuwa anapita tu. Alikuwa anakuja kwangu.

Nilipogeuka nitoke, Aïcha akasimama upande wa pili wa kitanda.

"Wewe si muuguzi? Shika huku, tumugeuze. Mgongo unamuuma."

Nikashika. Tukamgeuza. Ameniambia kesho nije mapema.

Mutoto wako, Déborah