Miguu Peku ya Wapagazi

Ijumaa. Mvua ya asubuhi imekatika, lakini kilima cha jirani cha Gisozi bado kimefunikwa na ukungu. Nimeamka na hasira ambayo, kwa umri wangu, naihesabu kuwa dalili ya afya.

Kesho baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, barabara zikifunguliwa, rafiki yangu Gasana anakuja hapa Kagugu na jeshi lake la Waingereza. Mimi nina la Wajerumani. Ni ile vita ya kwanza ya dunia, waliyopigana watu wa huku kwetu bila kuambiwa sababu. Askari wetu ni wa plastiki, hawafiki urefu wa kidole. Tunawapanga mezani, tunarusha dadu, tunagombana. Yeye alikulia ukimbizini Kampala, mimi Karagwe. Nchi tuliyoikosa utotoni tunaichezea uzeeni.

Wiki hii nimepaka rangi kikosi cha mwisho. Napaka kwa mkupuo: nawagandisha wote kwenye vipande vya mbao nilivyoomba kwa maseremala wa soko la Agakiriro, kisha rangi moja inapita kwa kila mtu kabla sijafungua kopo jingine. Kaki, wote. Kahawia ya ngozi, wote. Mkono ukishazoea, kichwa kinalala.

Changu kililala kwenye nyeusi ya viatu. Nilipita safu zote, hadi ya wapagazi.

Wapagazi walitembea peku.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alibebeshwa sanduku la risasi na vita ya watu wengine, akarudi na nyayo zilizokwaruza mkeka kila alipogeuka. Tulipokimbia nchi na kuvuka mto Akagera kwenda Karagwe, mimi nililia kwa miiba njia nzima. Yeye hakutazama hata chini.

Binti yangu Josiane amewaona leo wakikauka dirishani. "Baba, waachie viatu jamani. Si wameteseka vya kutosha?"

Nilitamani kukubali. Lakini viatu hivyo vingewapendezesha waliowanyima, si waliovikosa.

Gasana, kwenye simu, alikuwa na dawa kali zaidi: tuwatoe kabisa, wanachelewesha mchezo. "Muzee, hao watu ya mizigo iko na kazi gani? Hata bunduki hawana!"

"Na rashasha yako inatembea yenyewe?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema nimwache acheze vita, si msafara wa sokoni.

Simwachi.

Tangu mchana nafuta viatu kwa pamba na spiriti, kisha narudisha kahawia kwa brashi nyembamba kuliko zote nilizonazo. Mguu mmoja, halafu wa pili. Hii kazi haifanyiki kwa mkupuo. Nyayo nazipaka vumbi jekundu, kwa sababu nalikumbuka.

Na nimeamua kanuni. Kikosi ambacho wapagazi wake hawajakifikia hakifyatui risasi, kiwe changu au chake. Asiyeitaka acheze na ukuta wa nyumba yake. Meza ni yangu, na nimetangatanga miaka mingi mno kabla ya kuwa na meza.

Kesho watatangulia mbele ya askari wote, peku, mizigo kichwani. Na Gasana, dadu mkononi, atasubiri wafike.