Mama Hataki Kukatwa Mguu Mpaka Useme

Kaka yangu mpenzi,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Namba yako haipatikani tangu masika, kwa hiyo naituma kwenye makundi ya madereva wa Makambako, wa njia ya Songea na wa njia ya Mbeya. Atakayekuona akusomee, hata kama ni kijiweni mbele za watu. Aibu nimeshaiweka pembeni.

Mama yuko hospitali ya Ikonda, huku Makete, na mimi ndiye ninayemuuguza. Sukari imeuharibu mguu wa kushoto. Daktari anasema ukatwe chini ya goti, tena upesi, kabla uozo haujapanda. Mama amegoma. Mchungaji ameomba naye, manesi wamembembeleza, mimi nimelia mpaka sauti imenikauka. Jibu lake ni lilelile: "Aliyekaa kwenye kiti cha baba yenu hajasema."

Kiti chenyewe unakijua. Tulipomzika baba, wazee wa ukoo walikukalisha pale uani, wakakuvika koti lake, wakatangaza kwamba kuanzia siku hiyo neno la nyumba ni lako. Ulikuwa unatetemeka ndani ya lile koti. Hata mwezi haukuisha, ukaaga kwamba unakwenda Liganga kusubiri kazi za mgodi. Wakati ule nilikuonea huruma. Sasa nina hasira na wewe, nikufiche ya nini.

Kuja huku nilipitia njia ileile tuliyopita na Fuso, lori la baba. Unaikumbuka likizo ile ya Juni? Baba alirudi kutoka kushusha viazi Dar, akaliosha lori, akafunga turubai juu ya bodi, akatandika magodoro. Akasema mwaka huu hakuna kwenda kwa bibi kuvuna mahindi, tunakwenda kuiona miji ya zamani. Majirani walitucheka, eti familia nzima inapakiwa kama viazi halafu inaitwa matembezi! Mama ndiye aliyefurahi kuliko sisi wote. Alipakia jiko la mkaa, sufuria ya makande na kila blanketi lililokuwa ndani ya nyumba, akajifunga kitenge kipya.

Tulianzia Kidugala. Baba alitupitisha kwenye majengo ya kale ya misheni, akigonga kuta kwa vidole na kueleza mambo ambayo nusu yake nadhani aliyatunga palepale. "Chumba hiki Mjerumani alikuwa analala." Wewe ukauliza, "Na baridi hii, alikuwa anajifunika nini?" Baba akatuhamishia chumba cha pili. Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi.

Halafu lile dumu. Baba alinunua ulanzi, pombe ya mianzi, Njombe mjini, akauficha nyuma ya tairi la akiba, akakaza kizibo kwa nguvu zake zote ili mama, mzee wa kanisa, asisikie harufu. Mbena mzima, aliyekulia kwenye mianzi, anajua fika kwamba ulanzi unachacha na lazima uachiwe upenyo wa kupumua! Tukaegesha nje ya kanisa Bulongwa, Jumapili, jua limewaka, waumini wanatoka. Dumu likapasuka kwa kishindo, watu wakainama. Turubai likaanza kuchuruzika. Baba akasema ni tairi. Mama akamtazama weee, kisha akasema, "Baba watoto, tairi hili limechacha."

Juzi mama aliwasimulia wagonjwa wenzake kisa hicho. Wodi nzima ilicheka, na yeye akasahau maumivu kidogo. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamwambia, "Mama, basi kubali, upone, turudi nyumbani." Uso ukajifunga. "Muulize kaka yako," akasema, akageukia ukutani.

Nikafanya ujinga. Nilimpanga binamu yetu Festo, mwenye sauti kama yako, apige simu ajifanye wewe. Nikaiweka simu sikioni kwa mama. Festo akaanza, "Shikamoo mama." Mama akaisukuma simu. "Huyu si mwanangu. Mwanangu hajawahi kuniamkia Kiswahili." Tangu hapo akipigiwa na mtu yeyote ananitazama mimi kwanza, kama anayemtazama mwizi.

Kaka, nimechoka. Jana vidole vyake vilikuwa vyeusi, leo weusi umeupita wayo. Homa haishuki. Nikimfunua nimwoshe, harufu inanitoa machozi, naye anajua, anajifanya amelala ili nisione haya. Daktari hanijibu tena nikimuuliza tuna muda gani. Ananishika bega tu, anapita.

Rudi. Panda gari lolote linalokuja Njombe, Makete utafika. Wala usihangaike na maelezo, hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi.

Na kama kile kiti kimekushinda, nakuelewa. Basi piga simu yangu, umwamkie mama kwa Kibena, umwambie kiti cha baba umeniachia mimi. Wazee watanung'unika kwamba mwanamke hakai pale. Waache wanung'unike. Nitakaa, na neno langu la kwanza kama mkuu wa nyumba yetu litakuwa: akatwe.

Simu iko mkononi, siizimi.

Mdogo wako wa kike