Kaburi la Vigae Vyeupe

Jumatatu, 3 Februari. Kasumbalesa.
Malori yamekwama tangu jana. Nimetangaza saruji forodhani, nimetangaza mahindi, bado kuna foleni hadi ng'ambo ya mpaka. Mvua. Viatu vimelowa.
Mkuu wa kitivo amepiga simu kutoka Lubumbashi. Wasomi watatu wa Kinshasa wanakuja Alhamisi kuliona kaburi la baba, nami binti yake niwapeleke. Baba alikuwa mwandishi na mwanafalsafa. Wanamsoma hata wasiojua Katanga iko wapi. Nimejibu bila shaka. Tangu kilio chake sijakanyaga pale. Nilikuwa nasema kazi nyingi. Uvivu tu.

Alhamisi, 6 Februari. Lubumbashi.
Nilipanga kutangulia na jembe alfajiri. Nikalala. Wageni wakafika mapema.
Makaburini majani yamenifika kifuani. Nilitafuta msalaba wa baba, sikuuona. Wale watatu nyuma yangu, suti nyeusi, shada la maua ya plastiki. Mbele yetu kaburi safi, vigae vyeupe, halijaandikwa jina. Nikasimama hapo. Nikasema ni hili, tumelijenga upya, jina litafuata.
Wakapiga magoti. Mmoja akasoma maneno ya baba juu ya wajibu wa walio hai kwa wafu wao. Akalia. Na mimi nikalia. Wakadhani ni uchungu.

Ijumaa, 7 Februari.
Picha zimeenea kwenye simu. Shangazi amenisifu: kaburi limependeza, kumbe una moyo. Mkuu wa kitivo naye ataleta wanafunzi wote Jumamosi ya wiki ijayo. Nimesema ndiyo tena. Mdomo huu!
Wanasema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Kwetu maiti ndiye anayeijua aibu yangu. Sijala kitu.

Jumapili, 9 Februari.
Nimerudi peke yangu na jembe. Baba nimempata. Ng'ambo tu ya njia, karibu na lile jeupe. Msalaba umeanguka, mchwa wameula nusu.
Kabla sijaanza kulima, nikaona mwanamke wa rika langu amekaa kwenye vigae, shada mapajani. Akaniuliza kama nimemwona aliyelileta.
"Ni banani banapendaka mama yangu vile? Mama aliuzishaka makala, ya kupikia. Hakukuwaka muntu mukubwa."
Uso wake ulikuwa unacheka. Alisema Ijumaa atakuja kubandika jina. Nikamwambia sijui chochote. Nikaondoka na jembe langu bila kung'oa hata jani moja. Najichukia.

Jumanne, 11 Februari. Kasumbalesa.
Leo nimeandika sukari mahali pa saruji kwenye fomu ya forodha. Dereva amenicheka, haki yake.

Jumatano, 12 Februari.
Nimempigia mkuu wa kitivo, nimemwambia ukweli. Akajibu: "Madame, tuache tu vile. Nani atajua?"
Nikakataa. Wanafunzi watakwenda kwenye kaburi la baba, lilivyo.

Ijumaa, 14 Februari. Lubumbashi.
Nimemkuta yule mwanamke amepiga magoti kwenye vigae, ameshika kibao cha jina. Nimemwambia yote. Wageni, maua, machozi, uongo wangu wa Jumapili. Hakunitukana. Ningependa anitukane.
Akauliza: "Na papa yako eko wapi?"
Nikamwonyesha ng'ambo ya njia. Akatazama majani, halafu akanitazama mimi. Nikanyoosha mkono nilichukue shada, nilipeleke kwa mwenyewe. Akalivuta kwake.
"Hapana. Maua tutabakia nayo. Mama hakupataka maua hata siku moya."
Akarudi kwenye kibao chake.
Nimelima hadi mchana. Msalaba nimeusimamisha, nimeukaza kwa mawe. Jina linasomeka ukisogea karibu. Ua halipo hata moja, ni udongo tu. Kesho wanafunzi watalikuta kaburi hivyo, nami nitakuwa nimesimama kando yake.