Kwako Mama Hoja, Wakili wa Waliopigwa Wakashtakiwa

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu moyo wako ambao haukujua kuchoka ulipokubali kupumzika.

Mahakamani walikuita Mama Hoja. Nyumbani ulibishana hata na redio, ukaishinda. Ni Baba peke yake aliyekuweza, na silaha yake ilikuwa moja tu: kunyamaza.

Tunaukumbuka mwaka ugonjwa ulipoikumba dunia, watu wakafungiwa majumbani. Wengine walifungiwa na adui zao. Fundi cherehani mmoja alikabwa koo na mumewe mbele ya watoto. Mkono wake ukaangukia pasi, akampiga nayo. Mume akapona, akawahi polisi. Mke akatupwa rumande kwa kosa la kujeruhi.

Ukaichukua kesi yake, lakini gereza halikupokea wageni. Mlizungumza kwa simu tu.

"Wakili, wanasema nikikiri kosa nitapewa kifungo cha nje. Acha nikiri. Wanangu wako kwa watu."

"Mwanangu, ukikiri leo, kesho atakunyang'anya hao watoto kwa hukumu hiyohiyo. Nivumilie kidogo."

Ulipokata simu ulikaa jikoni ukalia. Tulikuona. Kisha ukanawa uso, ukavaa barakoa, ukaenda kwa mama mwenye nyumba wao kumwomba atoe ushahidi. Akakufungia mlango. Ukarudi tena na tena, ukisimama uani miwani imejaa mvuke, ukiongea na mbao, mpaka mlango ukafunguka.

Kesi ilisikilizwa kwa video, picha ikikatikakatika. Ukasimama: "Mheshimiwa, naomba mshtakiwa aletwe hapa. Makovu ya shingoni hayaonekani kwenye skrini hii."

Hakimu akakubali. Siku hiyo madirisha yote yalikuwa wazi, watu wameketi kwa kuachiana nafasi. Fundi akavua mtandio. Mama mwenye nyumba naye akapanda kizimbani.

"Nilisikia, mheshimiwa. Siku zote nilisikia. Nikajiambia ya mke na mume hayaingiliwi. Siku ile, asingeshika pasi, tungemzika."

Hakimu akaamua: hana hatia, alikuwa akiiokoa nafsi yake. Fundi alibaki ameganda pale pale.

"Naweza kwenda?" akakuuliza.

"Nenda!" ukamwambia. "Unasubiri nini, usindikizwe na ngoma?" Mahakama nzima ikacheka, hata karani.

Alikaa kwetu na wanawe mpaka akapata chumba chake. Wengine wakafuata, kila mmoja na kesi yake. Mmoja ulishindwa kumtoa. Ulimtaja kila ulipoomba, hata mezani, chakula kikipoa, mpaka rufaa ikamrudisha kwao.

Sasa tuna habari ya kukupa. Kitinda mimba wako amekula kiapo cha uwakili, amevaa joho alilolishona fundi. Wiki iliyopita alimtetea mama aliyempiga mumewe kwa mwiko akijinasua. Ameshinda, Mama! Alipomaliza kuhoji shahidi, mwendesha mashtaka akamnong'oneza mwenzake, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Tuliokaa nyuma tulisikia, tukajivuna kama tumetunukiwa.

Yule mama alitoka kwa mlango wa mbele, ameshika mikono ya wanawe.

Unakumbukwa na mumeo, wanao, wakwe zako, wajukuu, dada yako aliyekulea, na fundi pamoja na wanawe, ambao siku hizi hatusemi ni wageni.

Tunakukumbuka leo kwa shangwe, na siku zote utakuwa mioyoni mwetu.