Gari Dogo Lenye Usukani wa Kushoto

Karatu,
Jumapili, baada ya misa

Baba, shikamoo.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Ila Jumanne ile uliponipigia nilishindwa kusema. Ukadhani mtandao umekata, ukaita "haloo, haloo" mara tatu, ukakata simu. Mtandao ulikuwa mzima, baba. Mimi ndiye niliyekatika. Nimeona nikujibu kwa maandishi, na barua hii isafiri pamoja na boksi, maana boksi lisilo na maelezo mama angelifungua kwa kisu cha jikoni.

Mnaendeleaje huko Mbinga? Goti la mama linasemaje na baridi hii? Osmunda ameniambia mmeanza kuchuma kahawa na kwamba bado unajitwisha gunia mwenyewe, ukiambiwa uache unajifanya hujasikia. Dada yangu huyo hana siri, kwa hiyo usijisumbue kukanusha.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi ya rangi pale gereji inakwenda vizuri. Magari ya watalii yanashuka kutoka kreta yamechubuka, tunayapiga msasa na kuyapulizia upya. Msimu huu ukungu unatukalia mpaka saa nne asubuhi, rangi inakataa kukauka, nasi tunakaa tunaota moto kama wazee. Fundi mkuu wangu, Fundi Daniel, Mwiraqw wa hapa hapa Karatu, ananitendea kama mdogo wake. Siku ya kwanza kabisa aliposikia jina langu aliniuliza, "Wewe mtu wa kusini, jina letu umelitoa wapi?" Nikamjibu ninavyowajibu wote: baba alinipa tu.

Sasa nikueleze hii habari ya kigari, ambayo nilichelewa kukuambia kwa sababu ya woga. Unawakumbuka wale askari wa udongo? Nilikuwa darasa la pili. Nilifinyanga kikosi kizima, nikawaanika kwenye ukuta wa jiko, bunduki zao njiti za kiberiti. Ukarudi kutoka shambani ukawaona. Hukunipiga. Uliwashusha chini, ukawakanyaga mmoja mmoja, ukanawa miguu, ukaingia ndani. Mama akaniambia nisikuulize. Tangu siku hiyo nikajua vita ni mlango ambao nyumbani kwetu haupigiwi hodi. Mtu akikuuliza habari za vita vya Kagera, unachukua jembe unakwenda kupalilia kahawa iliyopaliliwa jana.

Basi mwaka jana gari moja la wageni liliharibika gia boksi, likangoja spea siku tatu gerejini kwetu. Kati yao alikuwemo mzee mmoja kutoka Poland. Wenzake walikwenda kutembea, yeye akakaa kwenye benchi letu, akafungua mkebe, akatoa askari wa plastiki wasiozidi kidole na brashi nyembamba kuliko sindano, akaanza kuwapaka rangi. Nilimcheka sana. Nikamwambia Fundi Daniel, "Tazama, mtu mzima anacheza na wanasesere." Halafu nikamsogelea, nikaona anapaka jicho. Jicho, baba, kwenye uso ulio sawa na punje ya mtama! Miaka kumi na miwili napaka rangi, na sikujua kama mkono wa binadamu unaweza hivyo.

Alinieleza kwamba kwao yeye na wazee wenzake huwapanga hao askari juu ya meza, wanarusha dadu, wanapigana upya vita vya zamani, na anayeshindwa anaosha vikombe. Siku ya kuondoka aliniachia mkebe mzima, brashi na askari tisa ambao hawajapakwa. Namuombea heri yule mzee mpaka leo.

Nikajenga gari la kuwapakia. Bodi ni mbao laini, bampa ni bati la kopo, tairi nimezikata kwenye ndala kuukuu. Nilikuwa na ile picha moja ya gari uliloendesha Kagera, uliyoificha kwenye Biblia, ambayo niliwahi kuipiga picha kwa simu bila ruhusa yako. Naomba radhi kwa hilo pia. Turubai nililitengeneza kwa kipande cha shati. Mwisho nikachekecha vumbi jekundu la barabara ya Oldeani kwa kitambaa, nikalipaka gari zima, maana gari lisilo na vumbi hapa Karatu linaonekana la uongo. Nikalipiga picha nikamtumia Osmunda, nikamwambia akuonyeshe kama kwa bahati mbaya.

Nilijiandaa kwa ukimya. Kumbe jioni Osmunda akaniambia umeishika simu ile mpaka ikakaribia kuzima, kisha ukasema, "Mwambie usukani wa gari lile ulikuwa kushoto. Na ilikuwa masika. Vumbi katoa wapi? Palikuwa na tope."

Baba, nilicheka peke yangu kama mwehu. Usukani niliuweka kulia kwa sababu magari yote ninayoyashika ni ya kulia, sikuwaza hata kidogo. Lakini ndivyo nilivyogundua dawa yako. Ukiulizwa husemi, ila ukiona kitu kimekosewa huwezi kunyamaza. Ni ule ule ugonjwa wako wa kumrekebisha katekista anapokosea somo.

Naungama, basi. Makosa mawili ya kwanza yalikuwa yangu halali. Mengine, isipokuwa moja la mwisho, niliyafanya makusudi. Nilipokwisha kuhamisha usukani na kupaka tope, nikatundika sufuria mbele, kwenye bampa, ili useme. Ukasema: "Sufuria ilikaa nyuma, mbele ingepigwa na matawi." Nikasimamisha askari wote kwenye bodi, wamekaza macho na bunduki mkononi. Ukasema: "Hakuna aliyesimama. Walilala wameegemeana kama magunia, na nusu yao walikuwa wanaumwa tumbo." Nilikuwa nayaandika maneno yako ukutani gerejini, Fundi Daniel anayasoma asubuhi kabla ya kazi. Kwa miezi mitatu nimekujua kuliko miaka yote thelathini na minne niliyokuita baba. Unisamehe huo ujanja. Nisingeweza kwa njia nyingine.

Hilo la mwisho sikulikusudia. Askari tisa wa yule mzee waliniishia: wanane nyuma, wewe kwenye usukani. Siti iliyo pembeni yako ikabaki tupu. Nilituma picha, ukakaa siku nyingi bila neno. Osmunda akasema umekwenda kupalilia. Ndipo Jumanne ile ukanipigia mwenyewe, wewe ambaye husubiri mama akupigie na akushikie simu sikioni.

"Siti ile haikuwa tupu," ukasema. Ukanieleza kuhusu daraja dogo, na mwenzako aliyeshuka kutazama kama limetegwa bomu. Ukanieleza jinsi alivyogeuka na kukuambia, "Usizime injini, narudi." Ukakaa na injini inaunguruma hata baada ya kuona kwamba hatarudi, mpaka afisa akaja kuizima yeye. Ukasema mliahidiana kwamba atakayesalimika aende nyumbani kwa mwenzake. "Mimi nilisalimika, na sikwenda. Nilianza safari mara mbili, nikaishia Songea. Uliponiambia umepata kazi Karatu nikasema, labda jina litakwenda lenyewe." Halafu ukasema, "Aliitwa kama wewe."

Hapo ndipo nilipokatika.

Nakumbuka siku niliyopata kazi hii mama alilia kwamba Karatu ni mbali mno, na wewe ambaye hukubali jambo lolote kwa haraka ulisema "Nenda" kabla sijamaliza maelezo. Nilidhani umenichoka.

Jumamosi Fundi Daniel alinipa ruhusa, nikapanda bodaboda mpaka Rhotia, kwao huyo mwenzako. Ulisema nyumba yao iko juu ya kanisa, na baba yake alikuwa mpiga kengele. Mtu wa kwanza niliyemuuliza, mama mmoja wa duka, alinionyesha kwa kidole. Nilimkuta mdogo wake mwenzako, Mzee Bura, mtu wa umri kama wako, amekaa nje anapukuchua mahindi. Akanisalimu kwa Kiiraqw, nikabaki kutabasamu.

"Kijana wa nani wewe?"

"Natoka Mbinga, mzee." Nikamtajia jina langu. Akacheka, akauliza jina la Rhotia limefikaje Mbinga. Nikamweleza ni nani aliyenipa na kwa nini. Akaacha kucheka. Akaliweka gunzi chini.

"Alikuwa peke yake?" akauliza.

"Hapana. Alikuwa na baba yangu. Baba hakuzima injini."

Akafuta macho kwa kiganja, bila kuficha. Alisema taarifa ilikuja kwao wakati ule, lakini taarifa haisemi mtu alikuwa na nani, na mama yao aliliuliza swali hilo hadi anafariki. Nimefikiri sana kama nikuandikie jambo hili. Naliandika kwa sababu Mzee Bura alinikataza kulificha, akaongeza: "Mwambie hakuna anayemdai hapa. Ningekuwa mimi, hata Songea nisingefika. Aje tu. Na wewe usiniite mzee, mimi ni baba yako mdogo."

Nilikuwa nimekwenda na askari wa kumi, niliyemchonga mwenyewe kwa mbao, kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka. Nikamtoa nikampa. Akamsogeza machoni, akamrudisha. "Huyu siye," akasema. "Kaka alikuwa na masikio! Tulikuwa tunamtania upepo ukivuma atapaa." Nyie wazee ni walewale. Ikabidi nimwongezee masikio pale pale kwenye meza yao, kwa pati ya gereji, ile tunayozibia magari yaliyobonyea, na kijiti cha meno, Baba Mdogo amenisimamia kama mkaguzi: ongeza, ongeza, hapo sasa. Nikamwekea nukta nyeupe ya meno, kwa sababu uliniambia alikuwa mcheshi.

Kwa hiyo asante, baba. Asante kwa kupiga ile simu, ambayo naijua ilikuwa nzito kuliko gunia la kahawa. Asante kwa jina ambalo walimu wa Mbinga walilishindwa na mimi nikalichukia utoto wangu wote. Hata wale askari wa udongo nimewasamehe, tena nakushukuru. Ungeniacha nao ningekua nadhani vita ni wanaume waliokaza macho.

Nisalimie mama, umwambie shuka alilonifungia ndilo linaloniponya na baridi ya huku. Kaka Kosmas aliyekaa na shamba ili mimi nizurure, mpe shikamoo yangu. Shangazi mfuma mikeka usimsahau, hununa. Na Osmunda mpelelezi wetu, mwambie asante kwa kulipokea boksi stendi, natumaini hakulitikisa.

Ukilifungua, toa pumba nilizojazia taratibu. Sufuria iko nyuma. Tope ni la hapa, lakini rangi nimeichanganya kama ulivyonielekeza. Wewe uko kwenye usukani, upande wa kushoto, umevaa kofia. Pembeni yako utaikuta siti tupu. Safari hii sijakosea na wala si ujanja. Mwenyewe yuko Rhotia, juu ya kabati la mdogo wake, na masikio yake. Wamekataa nikutumie kwa basi. Wanasema uje na gari lako umchukue.

Mimi mwanao,
Tluway